Kurudi Nako ni Masomo: Muhula wa Ughaibuni na Wajibu wa Wanaopokea

Mwaka 1958 mwanafunzi wa sheria wa Kitaliano, Sofia Corradi, alirudi Roma akitokea New York. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili wa Fulbright na kupata shahada ya uzamili. Alipopeleka vyeti vyake La Sapienza, chuo alikoanzia, ili masomo yale yahesabiwe, alikataliwa. Alionekana mtu aliyekwenda kutembea wakati wenzake wanasoma. Corradi hakuliacha jambo hilo lipite. Kuanzia 1969 aliwaandikia wakuu wa vyuo na kuwafuata wanasiasa, akirudia hoja ileile mwaka hadi mwaka, mpaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ilipoanzisha mpango wa Erasmus. Mwaka ule wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo waliopitia mpango huo wamezidi milioni 15, na Corradi anakumbukwa kwa jina la Mama Erasmus.

Mkasa huu husimuliwa kama habari ya kusafiri, lakini kiini chake ni kurudi. Mpango mashuhuri kuliko yote wa kubadilishana wanafunzi ulizaliwa kwa sababu binti mmoja alirudi kwao na elimu mkononi akakosa wa kuipokea. Swali la nani ampokee anayerudi sasa limetufikia sisi. Tangu 2015, Erasmus+, kama mpango huo unavyoitwa sasa, ilipoanza kugharamia safari za wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya, vijana wa vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakienda kusoma muhula mmoja Ulaya, kisha kurejea kumalizia shahada zao nyumbani. Maandalizi ya kwenda tunayajua: usaili, barua ya mwaliko, viza, bima, semina ya kuaga, picha na mkuu wa chuo. Kwa kurudi hakuna kinacholingana na hayo. Mwanafunzi hushuka uwanja wa ndege, hupokewa na ndugu, na Jumatatu inayofuata yuko darasani kama vile hakuna kilichotokea.

Hoja ya makala haya ni kwamba thamani ya muhula wa nje huamuliwa baada ya ndege kutua nyumbani. Na wanaoiamua, kwa sehemu kubwa, ni wapokeaji: chuo, familia na nchi.

Krediti na alama

Tuanze na karatasi, maana huko ndiko maumivu mengi yanakoanzia. Vyuo vya Ulaya hutumia mfumo wa krediti wa ECTS, uliojaribiwa kwanza mwaka 1989. Mwaka mzima wa masomo una krediti 60, muhula una 30, na kila krediti husimama badala ya saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia darasani na maabara hadi kujisomea. Tanzania, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka una krediti 120 na krediti moja ni saa 10. Sasa chukua mwanafunzi aliyefaulu Ujerumani somo la krediti 6. Ukilinganisha kwa mgawanyo wa mwaka, amepata krediti 12 za hapa. Ukilinganisha kwa saa, somo hilo lina saa 150 hadi 180, yaani krediti 15 hadi 18. Njia zote mbili zinatetewa kwa hoja. Lakini chuo kisipochagua moja mapema, mratibu wa mitihani ataamua anavyoona, na mratibu wa idara ya jirani ataamua vingine. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja kule watarudi na hesabu mbili.

Alama zina mtego mkubwa zaidi. Ujerumani alama ya juu ni 1.0, alama ya mwisho ya kupita ni 4.0, na 5.0 ni kufeli. Tanzania 5.0 ndiyo GPA ya juu kabisa, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Kijana anayerudi na 1.3 kwenye transkripti amefanya vizuri mno, lakini kwa karani asiyeufahamu mfumo ule ameboronga. Na yule aliyepata 4.0, ambaye amepita kwa kusukumana, anaweza kuonekana yuko jirani na daraja la kwanza. Kosa la namna hii haliishii kwenye faili. Linaingia kwenye GPA ya mwisho, na GPA ya mwisho ndiyo inayoamua nani aitwe kwenye usaili wa ukufunzi.

Erasmus ilitafuta dawa ya jambo hili, na dawa yenyewe ni mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu kabla ya safari: mwanafunzi, chuo kinachotuma na chuo kinachopokea. Mkataba hutaja kila somo litakalosomwa na kila somo la nyumbani litakalofidiwa. Chuo mwenyeji nacho hutarajiwa kutoa transkripti ndani ya wiki tano tangu matokeo yatangazwe. Kwa maandishi, kila kitu kimekaa sawa. Tatizo huanza mwanafunzi anapofika kule akakuta somo alilochagua linafundishwa kwa Kijerumani pekee, au limegongana na jingine kwenye ratiba. Anabadili. Anamwandikia mkuu wa idara nyumbani kumwomba kibali, hajibiwi, wiki zinakatika, anaendelea kusoma. Anaporudi, somo alilofaulu halimo kwenye mkataba, na lililomo kwenye mkataba hakulisoma. Barua pepe moja iliyokosa jibu mwezi wa Oktoba huweza kumgharimu mtu mwaka mzima.

Kalenda zisizokutana

Hata karatasi zikikaa vizuri, kalenda hugongana. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani muhula wa baridi huanza Oktoba Mosi na kuisha rasmi Machi 31. Vipindi humalizika Februari, na mitihani hufuata baada ya hapo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki mara nyingi hujikuta akichagua kati ya kubaki afanye mtihani wa mwisho na kuwahi muhula wa pili ulioanza nyumbani. Anayekwenda muhula wa kiangazi, ambao vipindi vyake hufika hadi Julai, anagongana na mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, na kwa watu wa uhandisi mafunzo hayo ni sharti la kuhitimu.

Kisha kuna masomo ya lazima yanayofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Aliyekosa la muhula wa kwanza hulisubiri hadi mwaka unaofuata. Wenzake wanavaa majoho ya mahafali, yeye bado anahudhuria darasa la wadogo zake, na kwenye orodha ya matokeo jina lake limekaa pamoja na wenye sapu na walioahirisha, ingawa hakufeli popote. Wazazi hawaelewi, na wana haki ya kutoelewa. Waliambiwa mtoto amechaguliwa kwa sababu ya uwezo wake. Inakuwaje achelewe kumaliza kuliko wale walioachwa?

Jibu ni kwamba hakuna aliyekaa chini kabla ya safari kuzilinganisha kalenda mbili, mwezi kwa mwezi, na kumwonyesha mwanafunzi atakapoangukia. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mkataba wa kimataifa. Inahitaji mtu mmoja katika idara, saa chache, na jedwali.

Mwili umefika, akili iko njiani

Mwaka 1955 mtaalamu wa sosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorwe wapatao 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa wameyazoea mazingira kuliko waliokuwa katikati. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wa Marekani waliongeza kwamba mtelemko huohuo hujirudia mtu anaporejea kwao: furaha ya siku za kwanza, kisha kuporomoka, kisha kuinuka tena. Watafiti waliofuata wameupinga mchoro huu kwa kuwa watu hawapiti wote njia moja. Hata hivyo jambo moja ndani yake linastahili kuzingatiwa. Kwa vipimo vya Lysgaard, mwanafunzi wa muhula mmoja huondoka kabla ugeni haujamchosha. Anarudi akiwa na picha ya kule ambayo bado haijapata doa, na anaiweka kando ya nyumbani anakokujua kwa madoa yake yote. Mizani hiyo haiwezi kuwa ya haki, na kijana asipoambiwa hivyo atadhani kasoro ni ya nyumbani au ni yake mwenyewe.

Mwanafalsafa Alfred Schütz, aliyeikimbia Austria wakati wa Wanazi na kuhamia New York, aliandika mwaka 1945 juu ya askari wanaorejea makwao. Alisema anayerudi na wanaomsubiri wote huwa wamebadilika, na kila upande humtarajia mwenzake alivyokuwa siku ya kuagana.

Katika familia zetu jambo hili lina sura yake, na ni sura nzito. Mtu aliye masomoni mbali hufichwa misiba. Bibi anafariki Novemba, na ndugu wanakubaliana kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani. Kila akipiga simu anaambiwa bibi amelala, au ameenda kwa shangazi. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kijana anapoingia nyumbani Februari, arobaini imeshapita, matanga yameanuliwa siku nyingi, na waliolia wamemaliza kulia. Yeye anaanza msiba peke yake katikati ya sherehe ya kumpokea, na kila mtu anatarajia asimulie theluji. Kijana huyo anahitaji watu wa kukaa naye chini na muda wa kuomboleza. Kumwita ameharibiwa na Ulaya kwa sababu amenyamaza ni kumwonea.

Lipo pia la hadithi kukosa wasikilizaji. Siku tatu za kwanza kila mtu anauliza: baridi ikoje, mlikuwa mnakula nini, wanawabagua? Wiki ya pili, akisema tu kwamba maktaba ya kule hufungwa usiku wa manane, anajibiwa kwamba anaringa. Basi hujifunza kunyamaza. Na kile anachokinyamazia, mara nyingi, ndicho chuo kilichomtuma akakijue: jinsi profesa anavyoruhusu kupingwa darasani, jinsi ripoti ya maabara inavyorudishwa na maoni ya kurasa mbili, jinsi kikundi cha wanafunzi kinavyoendesha mradi bila msimamizi.

"Mbona umerudi?"

Mwanafunzi wa Ulaya anayemaliza muhula wa Erasmus huulizwa alifurahi kiasi gani. Wa kwetu huulizwa kwa nini amerudi. Hapo ndipo safari hizi mbili, zinazosimamiwa na mpango mmoja, zinapotengana kabisa.

Tazama alivyopita. Ubalozini alitakiwa kuthibitisha kwamba atarudi: barua ya chuo, ushahidi wa familia, ratiba ya masomo yanayomsubiri. Kila karatasi ilikuwa inajibu shaka kwamba atazamia. Akarudi kwa wakati, kama alivyoahidi. Mtaani akakutana na shaka ya upande wa pili: wenzio wanatafuta njia ya kwenda, wewe umeipata na umerudi? Alifukuzwa? Alishindwa masomo? Kijana mmoja anadaiwa ushahidi mara mbili, kwanza kwamba hatabaki, kisha kwamba kutobaki kwake si kushindwa.

Shaka hii ya mtaani haitokani na ujinga. Familia imeona ndugu waliokwenda na wakajenga. Imeona fedha za kutoka nje zikilipa ada na hospitali. Kwa kipimo hicho, muhula mmoja unaorudisha begi la kilo 23 na transkripti isiyosomeka hauonekani kuwa na faida. Posho ya mwanafunzi, ambayo kule ilitosha kodi ya chumba, chakula na usafiri, hapa hudhaniwa ilikuwa mshahara. Zawadi hutarajiwa na kila tawi la ukoo, na wengi hutumia wiki zao za mwisho wakijinyima ili wasirudi mikono mitupu.

Familia zinastahili kuelezwa mapema, kabla ya safari, kwamba huu ni muhula wa masomo wenye mwanzo na mwisho. Kwamba kurudi ndiko kutimiza ahadi. Kwamba anayeheshimu masharti ya viza huwafungulia njia wadogo zake watakaoomba baadaye. Chuo kinachoweza kuandaa sherehe ya kuaga kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa wazazi, kwa Kiswahili.

Somo la Wangari Maathai

Afrika Mashariki inalo funzo lake, na limo katika maisha ya mtu mashuhuri. Wangari Maathai aliondoka Kenya kwenda Marekani mwaka 1960 na wanafunzi wa zile safari za ndege zilizoasisiwa na mwanasiasa Tom Mboya mwaka uliotangulia. Alisoma biolojia Kansas, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi Nairobi mwaka 1966 akiwa ameahidiwa kazi katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika alikuta kazi imepewa mwingine. Yeye mwenyewe aliamini ukabila na jinsia yake ndivyo vilivyomnyima. Kilichomwokoa ni profesa wa Kijerumani, Reinhold Hofmann, aliyemchukua katika idara ya anatomia ya mifugo.

Mwaka 1967 aliondoka tena, safari hii kwenda Giessen na München, Ujerumani, akiwa ameshafungamana na idara ya nyumbani. Aliporudi mwaka 1969 palikuwa na dawati linalomngoja na utafiti wa kuendeleza. Mwaka 1971 chuo kilekile cha Nairobi kilimpa shahada ya uzamivu, akawa mwanamke wa kwanza kuipata Afrika Mashariki na Kati.

Mtu ni yuleyule, akili ni ileile, bidii ni ileile. Kilichotofautisha kurudi kwa 1966 na kurudi kwa 1969 ni upande wa kupokea. Tunapenda kumsifu Maathai kwa ushupavu, na anastahili, lakini nchi haiwezi kuendesha elimu yake kwa kutegemea kila anayerudi awe shupavu kama Maathai.

Wageni wetu nao hurudi kwao

Njia hii ina pande mbili. Kila mwaka Tanzania huwaaga vijana wa Marekani na Ulaya waliokuja kusoma muhula: Zanzibar kwa ikolojia ya pwani na Kiswahili, Arusha kwa lugha, Dar es Salaam kwa historia na siasa. Wengi huishi na familia, hujifunza kuamkia wakubwa, hula na watoto wa nyumba. Vyuo vyao kwa kawaida huwa vimeshaamua masomo ya huku yatahesabiwaje, kwa hiyo hawana ugomvi wa krediti.

Deni lao liko kwingine. Anayefanya utafiti wa wiki chache juu ya wakulima wa mwani au wavuvi wa kijiji fulani huondoka na ripoti, na ripoti hubaki kwenye hifadhi ya chuo chake kwa Kiingereza. Kijiji kilichojibu maswali yake hakioni hata ukurasa. Vyuo vyetu na mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti vina uwezo wa kudai muhtasari wa Kiswahili usomwe kwa wanakijiji kabla mgeni hajapanda ndege. Tukitaka wanetu wapokewe kwa haki, nasi tusimamie haki za wenyeji wanaowapokea watoto wa wenzetu.

Tulishawahi kuvuka mipaka bila karaha

Kanda hii ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Kati ya 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwanzoni aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam, na shahada ilikuwa moja, hivyo hakuna aliyerudi kwao akaulizwa cheti chake kina uzito gani. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Dar es Salaam, walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo lililopewa kulisimamia. Mkataba wa Addis wa mwaka 2014 juu ya kutambua masomo na vyeti barani Afrika nao umeanza kutumika tangu Desemba 2019.

Misingi ipo, basi. Kinachokosekana ni kuishusha hadi kwenye meza ya mratibu wa mitihani. Ni aibu kwamba kijana wa Mwanza anaweza kusoma muhula Ufini kwa utaratibu ulio wazi kuliko wa kwenda Kampala, ng'ambo ya ziwa analoliangalia kila asubuhi.

Kinachowezekana kuanzia muhula ujao

Chuo kichapishe jedwali moja la kugeuza krediti na alama, liidhinishwe na seneti, na mwanafunzi apewe kabla hajaondoka. Idara imteue mtu mmoja wa kujibu maombi ya kubadili masomo ndani ya siku saba. Akikaa kimya, ombi lihesabike limekubaliwa. Kalenda mbili zilinganishwe kwa maandishi, na somo la lazima litakalokosekana lipangiwe njia ya kufidiwa.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Kabla ya kuondoka kule afute usajili wa anwani pale sheria inapodai, afunge akaunti ya benki au aache njia ya kupokea dhamana ya chumba, achukue mihutasari ya masomo yote aliyosoma, na aage walimu kwa majina. Arudi na kazi moja iliyokamilika anayoweza kuionyesha: ripoti, programu, data, au andiko. Ndani ya mwezi mmoja aiwasilishe mbele ya idara, na awe ndiye anayewaandaa watakaofuata. Aliyerudi ndiye mwalimu bora wa anayekwenda, na hakuna chuo kinachoweza kudai hakina mwalimu wa aina hiyo.

Mwisho, tubadili kipimo. Taarifa za mwaka za vyuo vyetu hutaja kwa fahari idadi ya wanafunzi waliopelekwa nje. Idadi hiyo inaeleza tu kwamba tiketi zilinunuliwa. Wakuu wa vyuo watoe namba nyingine mbili kando yake: wangapi kati ya waliorudi walihesabiwa krediti zote walizofaulu, na wangapi walihitimu pamoja na darasa walilolianza. Chuo kisichoweza kutoa namba hizo mbili hakina haki ya kumuaga mwanafunzi mwingine uwanja wa ndege hadi kitakapozipata.